Alama za vidole kwenye manyoya ya King Kong

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu. Tafuteni sinema ya King Kong, ile ya zamani ya mwaka 1933, si hizi za baadaye. Isimamishe pale sokwe anapoonekana kwa karibu, kisha iache iende taratibu. Utaona manyoya ya kifua chake yanachezacheza kana kwamba kuna upepo unaomvumia yeye peke yake. Wengine wote waliomo kwenye picha nywele zao zimetulia.

Hakuna upepo. Yule sokwe alikuwa kikaragosi cha inchi 18 hivi: mifupa ya chuma yenye viungo, nyama ya pamba na mpira, na juu yake ngozi ya sungura. Kilitengenezwa na Marcel Delgado, kikachezeshwa na Willis O'Brien. Kila mara kilipoguswa ili kisogezwe kwa ajili ya picha inayofuata, vidole viliyavuruga manyoya. Picha zikiungana, mvurugo ule unakuwa mtikisiko. Kwa mtu wa kuandika programu kama mimi, neno la kwanza linalokuja kichwani ni "hitilafu". Watazamaji wa wakati ule wao waliona mnyama mwenye hasira hadi manyoya yamemsimama. Mimi siku hizi naona kitu cha tatu. Naona vidole vya O'Brien, mtu aliyefariki mwaka 1962, vikiwa bado kazini.

Kwa wageni wa jambo hili: stopu mosheni ni sinema inayopigwa picha moja moja. Unaweka kitu mbele ya kamera, unapiga, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Sekunde moja ya sinema ina fremu 24. Wengi huutumia kila mkao kwa fremu mbili, kwa hiyo ni mikao 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Filamu ya dakika tano ni mikao 3,600, na kila mkao umeguswa na mkono. Ndiyo maana nyingi huwa fupi. Na mimi nazipenda zaidi zile fupi, kwa sababu kwenye ndefu kuna fedha za kuwalipa watu wa kufuta alama za vidole.

Mwanzo wa sanaa hii una kichekesho chake. Mwaka 1910 Ladislas Starewicz, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho mjini Kaunas, Lithuania, alitaka kupiga sinema ya mbawakawa wakipigana. Kila taa zilipowashwa, wadudu wakatulia tuli. Akachukua waliokufa, akawapachika waya kwa nta badala ya miguu, akawasogeza hatua kwa hatua. Mwaka 1912 alitoa filamu fupi ya wadudu wenye wivu wa mapenzi, na wapo walioamini kuwa jamaa amewafundisha wadudu kuigiza! Baadaye akiwa Ufaransa alitengeneza Le Roman de Renard, iliyooneshwa mwaka 1937, kisa cha mbweha mjanja anayewazidi akili wakubwa wake. Mtoto wa Kisomali hahitaji kuelezwa habari hizo. Katika hadithi zetu mbweha, dawaco, ndiye anayekaa kwenye kiti ambacho Waswahili wamempa sungura.

Mjerumani Lotte Reiniger yeye alikuwa na mkasi. Mwaka 1926 alimaliza filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na Alfu Lela U Lela, kwa vivuli vya kadi na risasi nyembamba vilivyounganishwa viungo kwa waya. Miaka mitatu ya kukata na kusogeza. Nampita haraka, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa nina hamu ya kumfikia Jiří Trnka.

Trnka alikuwa Mcheki, mchongaji wa vikaragosi vya mbao. Uso wa kikaragosi chake haubadiliki. Hakuna kinywa kinachofunguka wala nyusi zinazopanda. Anaigeuza taa kidogo, anainamisha kichwa kidogo, na wewe unaapa kwamba umeona uso ule ukihuzunika. Mwaka 1965 alitoa Ruka, yaani Mkono, filamu ya dakika 18. Mfinyanzi mdogo anafinyanga chungu kwa ajili ya ua lake. Mlangoni unaingia mkono mkubwa wenye glovu, unamwamuru aache vyungu, atengeneze sanamu za mkono. Anakataa. Unamshawishi, unamhonga, mwishowe unamfungia kwenye kizimba. Trnka alikufa mwaka 1969, na baada ya hapo serikali ya Chekoslovakia iliipiga filamu hiyo marufuku kwa miaka mingi. Watawala walijitambua kwenye ile glovu. Kinachonishangaza ni kwamba katika filamu nzima kitu pekee chenye nyama na damu ni ule mkono mbaya, na bado moyo wako unakwenda kwa yule wa mbao.

Sasa tuje Afrika, maana wengi hudhani sisi tulianza juzi na kompyuta.

Moustapha Alassane alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Benin, akawa raia wa Niger, na miaka yake mingi aliishi Tahoua, mji wa eneo kavu, wafugaji na vumbi. Mtu wa Garissa akiona picha za Tahoua atatafuta ng'ambo ipi ya mto imepigwa. Kabla hajashika kamera alikuwa akiwaonesha watu michoro yake kwa taa na kivuli, sinema ya kujitengenezea mwenyewe. Alijifunza filamu Niamey kwa Jean Rouch, kisha akaenda Kanada kwa Norman McLaren, yule aliyepata Oscar kwa Neighbours ya mwaka 1952, ambamo watu wazima walisogezwa picha kwa picha kama vikaragosi.

Mwaka 1966 Alassane alitoa Bon Voyage Sim, katuni ya dakika tano hivi. Rais wa jamhuri ya vyura anakwenda ziara ya nchi jirani, anapokewa kwa gwaride, anarudi nyumbani na kukuta amepinduliwa. Kumbukeni mwaka wenyewe: 1966, mwezi Februari, Kwame Nkrumah alipinduliwa akiwa safarini Asia. Hiyo ilikuwa michoro. Mwaka 1977 aliingia kwenye vikaragosi na Samba le Grand, kisa cha shujaa wa masimulizi ya kale, na mwaka 2001 akatoa Kokoa, ambamo chura, kinyonga na wenzao wanapigana mieleka ya kienyeji mbele ya hadhira.

Kokoa inastahili kutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza utacheka. Mara ya pili tazama vitu vyenyewe. Wanamieleka wanasitasita, wanatetereka, mkono unaruka kidogo kuliko ulivyopaswa, na kutetereka huko kunafanana kabisa na mieleka halisi, ambapo watu wawili huzungukana kwa muda mrefu wakipimana kabla ya kushikana. Studio tajiri ingelainisha ile mizunguko. Ingeua mieleka. Alassane alifariki mwaka 2015, na ninapomtaja kwa waandishi wa programu wenzangu wa Nairobi wanauliza kama ni mchezaji wa mpira.

Kongo nako yupo Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha studio yake ya Malembe Maa mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, ngano ya kwao, kwa karatasi zilizokatwa. Mwaka huohuo wa 1991, Septemba, askari waliokosa mishahara walipora Kinshasa, na mwaka uliofuata Kibushi akachukua michoro ya watoto walioyaona hayo akaifanya itembee. Muana Mboka, ya mwaka 1999, ni ya vikaragosi: mtoto wa mitaani anamwokoa waziri katika ajali ya gari. Jina la studio linatokana na Kilingala, malembe, yaani polepole. Anayepiga mikao 12 kwa sekunde hawezi kuchagua jina jingine.

Kwetu Kenya picha ni mchanganyiko. Ng'endo Mukii katika Yellow Fever ya mwaka 2012, filamu fupi kuhusu kujichubua ngozi, alichanganya michoro ya mkono na miili ya watu iliyopigwa picha kwa picha, na ngozi inaonekana kama kitu kinachokwaruzwa mbele ya macho yako. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2010, mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulitengenezwa Nairobi kwa kompyuta, kwa kufuata michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Watoto waliupenda na vijana wengi walipata kazi, hilo silipingi. Lakini Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za kubandika, na ile rangi nzito inayong'aa, yenye mistari ya brashi, ndiyo iliyofanya chui wake awe chui. Kwenye skrini ilibaki ramani ya madoa. Rangi ya baiskeli haikupata mwaliko.

Basi, nina sababu ya kuwazungusha kote huko. Mimi ni mtu wa Garissa, na kwetu vitu vya mkono vinaondoka.

Nyumba ya kuhamahama ya Wasomali, aqal, ni kuba la fito zilizopindwa, lililofunikwa kwa mikeka. Inajengwa na wanawake, inabomolewa na wanawake, inapakiwa juu ya ngamia. Mikeka mizito hufumwa kwa nyuzi za gome la mgunga uitwao galool, na hizo nyuzi kina mama huzilainisha hata kwa kuzitafuna. Chombo cha maziwa, haan, husukwa kwa mizizi hadi kikawa kigumu na kushika maziwa bila kuvuja, kisha hufukizwa kwa vijinga vya moto ili maziwa yakae na yapate ladha. Kengele ya ngamia, koor, huchongwa kwa mbao, na sauti yake ni ya kina, wala haifanani na ya chuma. Siku hizi maziwa ya ngamia yanasafiri kwenda Eastleigh kwa madumu ya plastiki ya manjano. Ukipita Ifo, Dagahaley au Hagadera utaona makuba yaleyale ya fito, ila mikeka imekuwa maturubai. Simlaumu mtu. Dumu halipasuki, turubai halihitaji kutafunwa. Aliyekimbia vita mwaka 1991 hakubeba mkeka.

Na msidhani sinema ni ngeni huku. Shirika la FilmAid limewahi kuonesha filamu usiku kwenye viwanja vya kambi za Dadaab, skrini ikiwa imefungwa kwenye lori, na kufundisha vijana kupiga filamu zao. Kwa hiyo kamera tunaijua. Nilichotaka mimi kujaribu ni mikao 12 kwa sekunde kwa vitu vya kwetu.

Tulianza na plastisini ya dukani. Mjini Garissa mchana joto la nyuzi 35 si habari, na kufikia saa sita mbweha wetu alikuwa amekaa chini bila kuambiwa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini kila nchi ina kikaragosi chake: Waingereza wa Bristol na udongo wao, Mcheki na mbao zake. Sisi tulikwenda kwenye waya, ule ambao watoto hutengenezea magari, tukauzungushia vitambaa vya shuka. Mbweha wa pili alisimama siku nzima. Wa nyumba tukamwomba ayeeyo, bibi yangu, ambaye ameijenga aqal maishani mara zisizohesabika.

Alijenga moja ya ukubwa wa karai. Tulipiga ndani ya chumba, dirisha limezibwa, kwa taa ya betri, kwa kuwa jua husogea na umeme hupanda na kushuka, na kamera huliona hata badiliko ambalo jicho halilioni. (Zamani ilikuwa vibaya zaidi, wakati mji mzima ulitegemea jenereta za dizeli. Leo tuna hata kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 nje ya mji, kilichozinduliwa Desemba 2019, lakini taa ya betri bado naiamini zaidi.) Ayeeyo aliweka ufito mmoja, akatoa mkono, nikapiga. Akaweka mwingine, akatoa mkono, nikapiga. Alasiri tatu, picha 412, sekunde 34.

Kisichoandikwa popote kilianza kujitokeza kwa sababu ya kule kusimamasimama. Mkeka wa chini hutangulia na wa juu huulalia, ili mvua iteleze. Kamba za fito zina fundo la kuvutika, maana nyumba hii itafunguliwa. Nilimuuliza kama kubomoa ni kujenga kinyumenyume, nikifikiria kwamba nitaibonyeza kompyuta irudishe picha nyuma na kupata filamu ya pili bure.

Akacheka. "Mjukuu wangu, wewe unabomoa nyumba. Mimi nampakia ngamia. Mkeka wa kwanza ni ule utakaokaa mgongoni kwake."

Kwa hiyo tulipiga kubomoa nako, peke yake. Video ya kawaida ingepita haraka juu ya hayo yote. Mikono ya fundi mzoefu inakwenda kasi kuliko macho ya mwanafunzi, lakini picha moja moja humlazimisha fundi asimame kila hatua, na kila hatua inapata picha yake. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kuhifadhi data, na sijaona njia nzuri kuliko hii ya kuhifadhi kazi ya mikono pamoja na mpangilio wake. Katika picha ya 207 ncha ya kidole cha ayeeyo imebaki pembeni ya fremu. Programu ninayo ya kukifuta, ni kazi ya dakika moja. Nimekiacha.

Nisije nikaonekana naichukia kompyuta, ambayo ndiyo inayonilisha! Ukweli ni kwamba kompyuta ndiyo iliyoifungulia sanaa hii mlango. Zamani ulipiga filamu ya utepe, ukaipeleka ikasafishwe, ukangoja, ndipo ujue kama kikaragosi kilitembea au kilirukaruka. Mwaka 2005 Corpse Bride ilipigwa kwa kamera za kidijitali za picha za kawaida. Mwaka huohuo wanafunzi wa Norway walitoa programu huria iitwayo Stopmotion, ya C++ na Qt, kwa ajili ya Linux ya mashuleni. Ndiyo niliyoanzia nayo. Mwaka 2006 au hapo karibu, Dyami Caliri, mwandishi wa programu, alimwandikia kaka yake Jamie chombo cha kupigia tangazo la vikaragosi vya karatasi, na chombo hicho kikakua kuwa Dragonframe, inayotumiwa leo na studio kubwa. Siri ya programu hizi zote ni moja, ngozi ya kitunguu: picha uliyokwisha kupiga inaonekana kama kivuli chepesi juu ya ile unayotaka kupiga, ukapima umbali wa kusogeza. Ni kuchanganya picha mbili kwa nusu kwa nusu. Kodi yake haifiki mistari 20, na imebadilisha maisha ya watu.

Cha kuchekesha ni kwamba kompyuta nazo zinahangaika kufanana na mkono. Katika The Lego Movie ya mwaka 2014, ambayo karibu yote ni ya kompyuta, mafundi waliongeza mikwaruzo na alama za vidole juu ya plastiki isiyokuwepo, na wakaifanya itembee kwa kurukaruka kama imesogezwa. Watu walilipwa kutengeneza kile ambacho O'Brien alikipata bure kwa kumshika sungura.

Lakini mkono bila kitu cha kushika haufanyi kazi, na hilo wakubwa nao wameliona. Wallace na Gromit wa studio ya Aardman ya Bristol wamefinyangwa kwa plastisini iitwayo Newplast, iliyotoka kiwanda kimoja kidogo cha kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 2023 kiwanda kilifungwa. Aardman walinunua akiba iliyobaki, magazeti yakapiga kelele kwamba imebaki ya filamu moja tu, studio ikawatuliza watu kwamba ina mpango. Filamu ilitoka, Krismasi ya mwaka 2024. Mimi niliisoma habari ile nikaufikiria ule mgunga. Galool umekatwa sana huko Somalia kwa ajili ya mkaa unaopelekwa ng'ambo, na gome halina akiba ya kununuliwa kwa mara moja.

Mikeka ya aqal yetu ndogo ilitoka kwenye kipande cha mkeka wa zamani ambacho ayeeyo alikuwa akikalia. Alikikata mwenyewe kwa mkasi, mimi nikiwa nimeshika mdomo.

Sasa zamu ni ya haan. Ayeeyo anasema mizizi yake huchimbwa mvua ikishalainisha ardhi, wala si kila mwanamke wa rika lake anayejua mzizi upi ushike maziwa na upi uvujishe. Yupo mmoja, binamu yake, upande wa Balambala, na amekubali kuja. Betri nimeshanunua mbili. Tunasubiri mvua za gu.